Bahasha Kumi na Mbili Kwenye Kamba

Maneno haya niliyasema Tanga, mbele ya wanafunzi wa ufundi wa kompyuta na simu pamoja na wazazi wao. Wengi waliomba nakala, nami nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Wazazi wetu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana ambao siku ya leo ni yenu: assalamu alaykum, na Bwana asifiwe. Wakubwa wote, shikamooni.

Mnaiona kamba niliyoifunga kutoka nguzo hii hadi dirishani. Ina bahasha kumi na mbili, zimebanwa kwa vibanio vya nguo, na kila bahasha ina namba kwa wino mwekundu, kuanzia 0 mpaka 11. Muda si mrefu kamba hii itakuwa kompyuta, na watoto wenu ndio watakaokuwa prosesa yake.

Prosesa, au kichakataji kama wanavyoandika vitabuni, watu wengi huiita ubongo wa kompyuta. Neno hilo nimelitumia darasani miaka mingi, na sasa nimeliacha. Mzazi akisikia "ubongo" anaingiwa na hofu, anaona kitu hiki kina akili ya kumzidi. Fundi naye akisikia "ubongo" anapotea njia: kompyuta ikiwa nzito anadhani ubongo umechoka, anamwambia mteja akanunue nyingine. Ninachotaka mwondoke nacho leo ni kwamba prosesa haijui chochote. Inatii amri chache ndogo ndogo, moja baada ya nyingine, na sehemu kubwa ya maisha yake inasubiri. Kutii huko na kusubiri huko nitawaonyesha.

Naomba vijana watatu waje mbele. (Wakaja wavulana wawili na binti mmoja wa mwaka wa kwanza.) Binti, shika kibao hiki na chaki. Kazi yako ni kuandika namba ya bahasha inayofuata, basi. Kwa sasa andika sifuri. Wewe kijana ni mtu wa kamba: unatazama namba ya binti, unaiendea bahasha hiyo, unatusomea kilichomo. Na wewe mwenye daftari, ukurasa wako una nafasi ya namba moja tu. Unaweza kuongeza, kupunguza, na kutazama kama namba uliyonayo ni sifuri. Mzee wetu pale mbele nimempa kigoma. Akipiga pigo moja, mnafanya hatua moja. Asipopiga, hakuna anayetikisika.

Bahasha za 8 hadi 11 zina namba. Ya 8 ni jumla, tunaanza na 0. Ya 9 ni bei ya chapati moja, shilingi 300. Ya 10 ni idadi ya chapati tulizonunua, 4. Ya 11 ina 1 peke yake. Bahasha za 0 hadi 7 zina amri. Hakuna hata mmoja wa hawa watatu aliyepewa ruhusa ya kuzidisha.

Piga, mzee. Bahasha ya 0 inasema: "Chukua kilichomo bahasha ya 8." Mwenye daftari anaandika 0. Binti anafuta sifuri yake, anaandika 1. Piga. Bahasha ya 1: "Ongeza kilichomo bahasha ya 9." Daftari sasa lina 300. Piga. Bahasha ya 2: "Weka jibu bahasha ya 8." Mtu wa kamba anatoa karatasi ya zamani, anatia mpya. Bahasha ya 3: "Chukua kilichomo bahasha ya 10." Daftari lina 4. Ya 4: "Punguza kilichomo bahasha ya 11." Inabaki 3. Ya 5: "Weka jibu bahasha ya 10." Na sasa sikilizeni bahasha ya 6, maana hii ndiyo yenye mambo: "Kama ulichonacho daftarini si sifuri, rudi bahasha ya 0." Tatu si sifuri. Binti haandiki 7, anaandika 0, na tunaanza upya.

(Tukaendelea mpaka daftari likafika sifuri, binti akaandika 7, na bahasha ya 7 ikasema: "Simama.")

Fungueni bahasha ya 8. Elfu moja na mia mbili. Tumetumia amri 29: mizunguko minne ya amri saba saba, na ile moja ya kusimama. Kwa saa ya ukutani ni dakika tisa. Mwenye daftari, hebu tuambie, ulikuwa unahesabu nini? (Akajibu kwamba hakujua, alikuwa anaambiwa aongeze 300 na apunguze 1.) Mmemsikia. Kwake yeye zingekuwa chapati, mifuko ya saruji au kura, ni mamoja. Leta amri, ifumbue, itekeleze, nenda inayofuata. Prosesa iliyomo kwenye simu ya kila mmoja wenu haina kazi nyingine zaidi ya hiyo. Kibao cha binti ni sehemu yake, daftari ni sehemu yake, mafundi tunaliita rejista, na kigoma ndiyo saa yake. Kamba ni kumbukumbu.

Kuna jambo hapa ni rahisi kulipita, nami naliona kubwa kuliko yote. Amri na namba zinaning'inia kwenye kamba moja. Nikitaka kamba hii leo ihesabu chapati na kesho ipange majina ya wanafunzi, sivunji kitu wala sihamishi nguzo, nabadilisha karatasi tu. Marekani walikuwa na mashine kubwa ya ENIAC, na kuibadilishia kazi kulimaanisha watu kuchomoa na kuchomeka nyaya kwa siku kadhaa. Tarehe 21 Juni 1948, katika Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, mashine iliyopewa jina la Baby ikawa ya kwanza kuendesha programu iliyohifadhiwa kwenye kumbukumbu yake yenyewe ya kielektroniki. Waliiunda Frederic Williams, Tom Kilburn na Geoff Tootill. Kumbukumbu yake ilikuwa na nafasi 32. Wazee wa bao hesabu hiyo mnaijua: safu nne za mashimo manane. Kompyuta nzima ilienea kwenye idadi ya mashimo ya bao moja.

Na Baby haikujua kugawanya. Hata kujumlisha haikujua, ilijua kutoa. Ukitaka kujumlisha, unatoa namba hasi. Kilburn aliiandikia programu ya amri 17 itafute namba kubwa kuliko zote inayoigawa 262,144 bila baki, ukiiacha 262,144 yenyewe. Ikaanza juu ikishuka, namba moja moja, na kila kugawanya ni kutoa na kutoa tena, kama sisi na chapati zetu. Baada ya dakika 52 na hatua zipatazo milioni 3.5 ikatoa 131,072. Jibu sahihi, na wenyewe walilijua tangu mwanzo. Walichokuwa wanakipima ni kama mashine itatii muda wote huo bila kuteleza.

Sasa mtaniuliza: huyu kijana wa daftari anajua kujumlisha kwa sababu alifundishwa darasa la kwanza. Silikoni, ile mada ambayo prosesa imetengenezwa kwayo, ilisoma wapi?

Twendeni kwenye nyumba ya ghorofa. Taa ya ngazini ina swichi mbili, moja chini na moja juu, na ukigusa yoyote kati ya hizo, taa inabadilika. Tuseme swichi ikielekea chini ni 0, ikielekea juu ni 1, na fundi wa umeme ameziunga hivi kwamba zote zikielekea chini taa imezima. Pandisha moja, yoyote ile, taa inawaka. Pandisha na ya pili, taa inazima. Semeni nami. 0 na 0, imezima, ni 0. 0 na 1, inawaka, ni 1. 1 na 1, imezima. Hapo umebakia mwendo mdogo tu kufika kwenye kujumlisha, maana 1 na 1 ni mbili, na mbili katika namba za sifuri na moja huandikwa 10: unaandika sifuri, moja unaipeleka mbele. Basi tunaongeza taa ya pili, ambayo swichi zake mbili zimefuatana kwenye waya mmoja, kwa hiyo inawaka pale tu zote mbili zikiwa zimepandishwa. Taa ya kwanza ndiyo tarakimu ya kuandika. Taa ya pili ndiyo ile moja ya kupeleka mbele. Panga vituo vya namna hiyo 64, kila kimoja kikipokea pia kinacholetwa na jirani yake, na unajumlisha namba za tarakimu 18 bila mtu yeyote kufikiri.

Transista ni swichi isiyohitaji kidole. Inawashwa na kuzimwa na umeme unaotoka kwenye swichi nyingine, basi, na ndiyo maana mabilioni yao yanaweza kuambizana. Mwaka 1971 Intel walitoa prosesa ya kwanza ya biashara iliyoenea yote kwenye chipu moja, yaani kipande kimoja kidogo cha silikoni, iliyoitwa 4004, awali kwa ajili ya vikokotozi vya kampuni ya Kijapani ya Busicom. Ilikuwa na transista 2,300. Federico Faggin, aliyeongoza uchoraji wake, aliweka herufi zake F.F. kwenye chipu yenyewe. Prosesa ya M1 ya Apple, ya mwaka 2020, ina transista bilioni 16. Katikati ya hizo mbili kuna historia ndefu, lakini taa ya ngazini haikubadilika.

Kwa kuwa haijui, prosesa iliyochorwa vibaya hukosea kwa utulivu mkubwa, na itarudia kosa hilo mpaka ife. Mwaka 1994 profesa wa hisabati huko Marekani, Thomas Nicely, aliona hesabu zake hazikubaliani, akachunguza kila kitu mpaka akaufikia mlango wa mwisho, prosesa ya Pentium. Ukiiambia igawe 4,195,835 kwa 3,145,727, ilikuwa inatoa 1.3337 na kitu, wakati jibu ni 1.3338 na kitu. Ndani ya chipu mlikuwa na jedwali la kusaidia kugawanya, na nafasi tano za jedwali hilo ziliachwa bila namba inayostahili. Intel walitenga dola milioni 475 kugharamia kosa hilo. Vijana, siku mteja akiwaambia "kompyuta haikosei", mkumbukeni Nicely na daftari lake.

Nirudi kwenye kigoma. Mzee wetu amepiga polepole, na vijana walihitaji kutembea. Prosesa ya kawaida ya laptopu hupigiwa pigo bilioni 3 kwa sekunde. Amri zetu 29, hata tukiipa pigo moja kwa amri moja, zingekwisha katika sehemu moja ya milioni mia moja ya sekunde. Mwanga wenyewe, ambao hakuna kinachoushinda mbio, kwa muda huo unatoka hapa jukwaani na kufika kama kwenye mstari wa pili wa viti.

Na kweli siku hizi zinatekeleza zaidi ya amri moja kwa pigo. Mama wa chapati za biashara mwenye wasaidizi hamalizi chapati moja ndipo aanze nyingine. Mmoja anakata madonge, wa pili anasukuma, wa tatu yuko kwenye kikaango. Prosesa nayo, amri hii ikitekelezwa, ya pili inafumbuliwa, ya tatu inaletwa. Kikwazo ni bahasha ya 6. Kabla hujajua kama daftari lina sifuri, utaleta bahasha gani, ya 0 au ya 7? Inabahatisha, kwa kutazama ilivyokuwa mara zilizopita. Kwenye kamba yetu ingebahatisha "rudi", ingepatia mara tatu na kukosa mara moja, na ikikosa inatupa madonge yote yaliyokwisha kukatwa. Januari 2018 watafiti walitangaza udhaifu wa Meltdown na Spectre: kazi ile inayotupwa huacha alama, na mwizi mjuzi anaweza kuzisoma. Kampuni zilihangaika sana, na marekebisho mengine yalipunguza kasi ya mashine.

Sasa kusubiri, na hapa naomba mafundi msikie kwa masikio mawili.

Tuchukue pigo moja la prosesa ya bilioni 3 tuliite sekunde moja, ili tuhisi kwa mwili wetu. Namba iliyomo kwenye rejista iko mkononi. Iliyomo kwenye kighala cha karibu kabisa ndani ya chipu, kinaitwa keshi, inafika kwa sekunde nne au tano. Iliyoko kwenye rami, ile kumbukumbu tuliyoifananisha na kamba, inachukua kama dakika tano. Prosesa imekaa, mikono mapajani, dakika tano nzima, kwa ajili ya karatasi moja. Iliyoko kwenye diski ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka, inachukua kama siku tatu na nusu. Na iliyoko kwenye diski ya zamani, ile ya kuzunguka yenye kisindano, inachukua siku 347. Hayo ni makadirio, mashine na mashine hutofautiana, lakini umbali baina yao ndio huo. Unamtuma mtu dukani leo, anarudi mwakani.

Mwalimu mmoja mstaafu aliniletea laptopu yake. Dukani alikoipeleka kwanza walimwambia prosesa imezeeka, haina dawa, anunue mpya, na alikuwa ameanza kudunduliza pensheni yake. Niliiwasha mbele yake. Dakika sita mpaka itulie. Nikafungua orodha ya matumizi tukaitazama pamoja: prosesa ilikuwa inafanya kazi asilimia 6, diski asilimia 100. Nikamwambia, mwalimu, huyu mnayemlaumu amekaa tu anasubiri. Tulibadilisha diski tukaweka SSD, tukaongeza rami, na ikawa inawaka kwa chini ya nusu dakika. Prosesa ni ile ile. Fedha iliyobaki aliilipia ada ya mjukuu wake. Mimi jambo hili linaniuma, kwa sababu aliyemwambia anunue mpya huenda hakuwa tapeli. Huenda hakuwahi kuoneshwa tofauti ya dakika tano na siku 347.

Kitu cha pili cha kutazama ni joto. Kila swichi ikibadilika inatoa joto kidogo, na mabilioni yake yanayobadilika bila kupumzika yanatoa joto jingi. Ndani ya prosesa mna kipimajoto. Ikikaribia nyuzi 100 inajipunguzia pigo yenyewe isiungue, na mteja anaona mashine imekuwa nzito. Pwani yetu hii, feni imejaa vumbi na nywele za kapeti, grisi ya kupitisha joto imekauka kama chokaa: safisha, paka mpya, kisha ndipo uzungumze habari ya kununua.

Simu zenu hazina feni, na sababu mojawapo ilianzia Cambridge, Uingereza, kwenye kampuni ya Acorn. Sophie Wilson na Steve Furber waliamua kuunda prosesa yenye amri chache na nyepesi. Chipu ya kwanza ya prosesa hiyo, iliyoitwa ARM, ilifika tarehe 26 Aprili 1985, wakaiwasha, ikafanya kazi. Furber alipokuja kupima umeme inaotumia, kipimo kikaonyesha sifuri. Kumbe waya wa kuipa umeme haukuwa umeunganishwa. Chipu ilikuwa inaendeshwa na umeme mdogo uliokuwa ukivuja kupitia miguu mingine ya mawasiliano. Ukoo wa chipu hiyo ndio uliomo karibu katika kila simu iliyoko ukumbini humu.

(Wakati wa maswali, wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa yule binti wa kibao. Alisema: "Mwalimu, mimi uliniambia nianze na sifuri. Prosesa yenyewe huambiwa na nani?")

Mwanangu, hilo ndilo swali nililotaka niulizwe. Haiambiwi na mtu. Namba ya kwanza ya kuandika kwenye kibao imechorwa ndani ya silikoni. Umeme ukiingia, prosesa ya 8086 ya Intel, ya mwaka 1978, huanza na anwani, yaani namba ya bahasha, 1,048,560. Kumbukumbu yote iliyoweza kuifikia ilikuwa baiti 1,048,576, baiti moja kwa kila anwani, kwa hiyo zimebaki baiti 16 tu mbele yake. Nafasi hiyo haitoshi programu. Inatosha amri ya kuruka, "nenda anwani fulani", na huko ndiko mtengenezaji alikoiweka programu ya kuiamsha mashine, kwenye chipu isiyosahau umeme ukikatika. Laptopu za ukoo wa 8086 bado huamka kwa desturi hiyo hiyo, baiti 16 kabla ya mwisho, safari hii mwisho wa gigabaiti 4.

(Nikampa chaki. Akaifuta ile 7 iliyokuwa imebaki kwenye kibao, akaandika 1,048,560, na tarakimu ya mwisho ilibidi aiandike kwenye fremu.)